Kopo limeingia, ziwa halijatoka

Watu wengi wakisikia mtoto ameanza maziwa ya kopo, wanachoelewa ni kwamba ameachishwa ziwa. "Kwa hiyo umeshamwachisha?" ndilo swali la kwanza, na likitoka kwa mtu mzima huja na kaguno kadogo. Nikijibu kwamba bado ananyonya, tena asubuhi, jioni na usiku, naona mtu anakunja uso kama nimemwambia mambo mawili yasiyoweza kukaa nyumba moja. Yanakaa. Mwanangu wa pili anaishi hivyo tangu niliporudi kazini. Ninayoandika hapa ni kwa mama aliye njia panda hiyo: hataki kuacha kunyonyesha, kopo analihitaji, na kila anayemuuliza anamjibu kana kwamba lazima achague upande.

Niseme msimamo wangu mapema tusije tukazungushana. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, hata maji asipewe, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Sina ugomvi na ushauri huo. Maziwa ya mama yana kingamwili ambazo kopo halina, na kama mtoto anakua vizuri na hakuna kinachokubana, usifungue kopo kwa sababu jirani kafungua. Ila kuna mama anayerudi kazini mahali ambapo hana pa kukamulia wala pa kuhifadhia. Kuna mwenye mapacha. Kuna ambaye mtoto hapandi uzito hata baada ya mkunga kumrekebisha anavyoshika titi. Na kuna aliyechoka tu akaamua, na hiyo nayo ni sababu, hata kama haina cheti cha daktari.

Ninachobishia ni swali lenyewe. Tunaulizana kopo ni zuri au baya, tena kwa ukali, wakati linaloamua kama utaendelea kunyonyesha ni jambo jingine kabisa: hilo kopo linachukua zamu ipi ya ziwa?

Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Yakikaa ndani bila kunyonywa wala kukamuliwa, titi hupunguza kazi, na kila titi hujiamulia lake. Ndiyo maana mtoto anayependelea upande mmoja humwacha mama yake na matiti yasiyolingana. Ongeza hapo prolaktini, homoni inayochochea utengenezaji wa maziwa, ambayo kiwango chake hupanda zaidi usiku. Sasa fikiria ile chupa ambayo kila mtu hukushauri uanze nayo, ya usiku, "ili alale na wewe ulale". Ndiyo inayoliumiza ziwa zaidi ya zote. Inaondoa mnyonyo wenye nguvu kuliko yote ya siku, halafu hata huo usingizi hauna dhamana. Wapo watoto wanaolala wakishiba kopo, na wapo wanaoamka saa ile ile kama saa ya ukutani.

Mimi nilianza na zamu ya mchana, kwa sababu mchana ndio ningekuwa mbali naye. Asubuhi kabla sijatoka, jioni mara nikirudi, na usiku kucha, ziwa lilibaki kwenye zamu zake. Nilitoa zamu moja, nikasubiri siku kadhaa mpaka titi lilipoacha kujaa saa hiyo, ndipo nikatoa ya pili. Hiyo subira usiirahisishe. Ukiondoa zamu tatu kwa mpigo titi linakuwa gumu kama limejazwa mawe, la moto, na hata mtoto akitaka kunyonya hawezi kulishika vizuri. Likijaa hivyo, kamua kidogo tu upate nafuu. Ukilikamua hadi liwe tupu umeliagiza litengeneze tena kiasi kile kile. Ukiona sehemu nyekundu inayouma, ukapata homa na kutetemeka, nenda hospitali. Na usiache kunyonyesha upande huo, maana kusimamisha ghafla hufanya hali iwe mbaya zaidi.

Umri nao una uzito wake. Wiki za mwanzo ndipo titi linapojifunza kiasi cha mtoto huyu, na washauri wengi wa unyonyeshaji huomba usubiri wiki 4 hadi 6 kabla ya kuingiza chupa kama hakuna dharura. Dharura zipo, na hazibishaniwi. Kichanga kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, lakini akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito aliozaliwa nao, au sukari ikishuka, au manjano ikipanda huku hanyonyi vya kutosha, daktari anaweza kusema aongezewe maziwa leo hii. Aongezewe. Unachofanya wewe ni kukamua kila anapopewa chupa, ili titi lisidhani mteja amehama.

Sasa nifike kwenye neno lililomaliza maziwa ya akina mama wengi kuliko ugonjwa wowote: "hashibi".

Mwanangu alipokuwa na wiki kama sita alianza kunyonya jioni bila kupumzika. Anashika, anaachia, analia, anashika tena. Mama mkwe alikaa pembeni, akamtazama, akanitazama.

"Mwanangu, huyu hashibi. Maziwa yako mepesi."

"Anashiba, mama. Anaagiza ya kesho."

Hakucheka, lakini hakubisha pia, maana nilimletea kadi ya kliniki akauona mstari wa uzito unavyopanda. Watoto hupitia vipindi vya kukua kwa kasi, mara nyingi karibu na wiki ya tatu, ya sita, na mwezi wa tatu. Siku hizo wananyonya mfululizo, hasa jioni ambapo maziwa hutoka polepole zaidi kuliko asubuhi. Kule kunyonya mfululizo ndiko kunakoongeza maziwa. Ukimpa kopo jioni hiyo kwa sababu "hashibi", oda haifiki, kesho maziwa hayaongezeki, jioni inayofuata analia zaidi, na chupa inaongezwa. Baada ya wiki chache mama anasema maziwa yalikauka yenyewe.

Titi kuwa laini si dalili ya upungufu. Mtoto kulia si dalili. Kukamua ukapata vijiko viwili si dalili pia, kwa kuwa mashine au mkono hauvuti kama mdomo wa mtoto. Angalia nepi: kuanzia siku ya tano hivi, nepi 6 au zaidi zilizolowa vizuri kwa saa 24. Angalia mizani. Kimojawapo kikishuka, ongea na mtaalamu siku hiyo hiyo, na hapo kopo likishauriwa linakuwa na kazi maalumu.

Chupa ya kwanza, basi. Nilikuwa nimemsikia kila mtu akisema mtoto akiwa na njaa atakula tu. Mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kitu kigeni. Anataka anachokijua, na anakitaka sasa. Mpe akiwa ametulia, nusu saa au saa moja kabla ya muda wake wa kawaida, na afadhali asimpe mama. Mdogo wangu ndiye aliyempa. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikijifanya sipo, naye hata hakugeuka: "Dada, toka kabisa. Anakunusa."

Nilitoka, nikachungulia dirishani. Alimwekea chuchu ya chupa kwenye mdomo wa juu, hakumsukumia. Mtoto akaipokea, akaitafuna kwa fizi, ulimi ukaisukuma nje, tone la maziwa likateremka kidevuni. Akakunja uso. Akaipokea tena. Ulimi anaotumia kwenye titi hufanya kazi kama ya kukanda kuelekea nyuma, na kwenye chuchu ya mpira mwanzoni anajaribu hivyo hivyo, ndiyo maana inarudi nje. Si kwamba hapendi. Siku hiyo alikunywa kidogo sana na mdogo wangu akaacha, bila vita. Wapo wanaoelewa siku ya kwanza na wapo wanaochukua wiki mbili. Ladha nayo ni tofauti: maziwa ya mama yana utamu zaidi, kopo lina ladha ya unga hivi. Ukiona anakataa ladha, mwanzoni unaweza kuchanganya maziwa ya kopo yaliyokwisha kukorogwa na ya kwako uliyoyakamua, ukipunguza ya kwako siku hadi siku. Usikoroge unga ndani ya maziwa ya mama badala ya maji. Mchanganyiko unakuwa mzito kupita kiasi na figo za mtoto ndizo zinazolipa.

Akizoea, usizidishe kuchanganya. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 hivi nje mahali pasipo na joto kali, na hadi siku 4 kwenye friji. Kopo halina uvumilivu huo. Ukiyaweka pamoja, yote yanafuata saa ya kopo, na utamwaga ya kwako kwenye sinki ukiangalia. Mpe ya kwako kwanza, kisha la kopo peke yake.

Na kama chupa inagomewa kabisa, kuna kikombe. Kikombe kidogo, mtoto ameinuliwa, ukingo ukigusa mdomo wa chini, mwenyewe anaramba, usimmiminie. Hata vichanga huweza, na kikombe husafishika kirahisi kuliko chupa yenye kona na chuchu yenye tundu. Nashangaa ushauri huu hautajwi zaidi.

Akina mama wengi wanaogopa sana "kuchanganya chuchu", kwamba mtoto akionja chupa atalisusa ziwa. Ninavyoona mimi, kinachomvuta ni kasi. Kwenye titi anafanya kazi dakika moja au mbili kabla maziwa hayajaachia. Kwenye chupa iliyoinuliwa juu maziwa yanamwagika hata akiwa amelala fofofo. Nunua chuchu ya mtiririko wa taratibu, na usikimbilie namba inayofuata kwa sababu umri ulioandikwa umefika. Mkalishe karibu wima, chupa ilale karibu sawa na sakafu, maziwa yajae kwenye chuchu tu. Kila baada ya mikupuo kadhaa teremsha chupa apumue. Mbadilishe mkono katikati, kama unavyombadilisha titi. Mcheulishe. Akigeuza uso au akilegeza midomo, amemaliza, hata kama kimebaki kidole kimoja kwenye chupa. Hicho kidole kimoja tunachowabembeleza wamalizie ndicho kinachowafundisha kupuuza tumbo lao.

Kiasi gani? Hapa kopo lenyewe linapotosha. Jedwali lililoandikwa nyuma ni la mtoto anayeishi kwa kopo peke yake. Mtoto anayenyonya, tangu mwezi wa kwanza hadi wa sita, hunywa kwa wastani mililita 750 hadi 800 kwa siku na hiyo haipandi sana, maana maziwa yenyewe yanabadilika. Ukigawa kwa zamu nane unapata kama mililita 100. Kwa hiyo usishangae akinywa nusu ya jedwali. Anza na kidogo, ongeza akiomba.

Ukorogaji ndio sehemu ambayo sina utani nayo. Unga wa kopo si safi kwa maana ya hospitali. Kiwanda hakiwezi kuondoa vijidudu vyote, na kimoja kiitwacho Cronobacter, ingawa ni nadra, huua vichanga. WHO ilitoa mwongozo wake mwaka 2007 na kiini chake ni hiki: chemsha maji, yaache yapoe kidogo lakini yasishuke chini ya nyuzi 70, kwa kawaida ni ndani ya nusu saa baada ya kuchemka kwa birika la lita moja, kisha weka unga. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu vilivyo kwenye unga. Wengi wetu tunachemsha, tunapoza hadi vuguvugu, ndipo tunakoroga, tukidhani tatizo lilikuwa maji peke yake. Baada ya kukoroga, poza chupa iliyofungwa kwenye maji ya baridi, dondoshea tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, lisikuchome.

Maji kwanza, unga baadaye, kwa sababu ukianza na unga kipimo cha maji kinadanganya. Tumia kijiko kilichotoka kwenye kopo lile lile. Vijiko vya makopo tofauti havilingani. Nakijaza, napitisha mgongo wa kisu safi juu yake, unga wa ziada unarudi koponi, sishindilii. Kuongeza maji ili kopo lidumu ni kumnyima mtoto chakula huku tumbo limejaa. Kuongeza unga ili "ashibe" humfungisha choo na kumkausha maji mwilini. Chupa iliyokorogwa isiyoguswa haikai nje zaidi ya saa 2. Kwenye friji baridi, saa 24. Ikishaingia mdomoni mwake, kinachobaki baada ya kula kinamwagwa. Najua inauma. Mwaga.

Chakula cha kwanza cha kopo mpe mchana, siku akiwa mzima, isiwe siku ya chanjo ukaja kushindwa kujua homa imetoka wapi. Mchana, kwa sababu unamwona. Kopo la kawaida hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, na wachache huyakataa. Midomo kuvimba, vipele vinavyojitokeza ghafla, kutapika mfululizo, kupumua kwa mluzi ndani ya dakika au saa mbili, hiyo ni dharura. Damu au kamasi kwenye choo, au ukurutu unaowaka upya, huweza kuja siku kadhaa baadaye. Nalo hilo lipelekwe kwa daktari. Usijitibu kwa kubadilisha kopo moja baada ya jingine. La maziwa ya mbuzi halisaidii mwenye mzio wa ng'ombe, protini zake zinafanana mno, na la soya si la chini ya miezi 6 bila daktari.

Choo kubadilika ni kitu kingine na hakitishi. Kile cha manjano, laini, kisicho na harufu kali, kinageuka kahawia au kijani kibichi, kinakuwa kizito, na kinanuka kama cha binadamu wengine. Kopo huchukua muda mrefu zaidi tumboni. Tafuta msaada kikiwa kigumu vipande vipande na anajikamua kwa kilio.

Kuhusu kopo gani, sitamaliza aya nzima. La kwanza, la tangu kuzaliwa, linatosha mwaka mzima. Viwango vya virutubishi vimewekwa kimataifa, kwa hiyo lililo ghali na lililo rahisi vinakaribiana sana kwa yanayohitajika. Namba 2 na namba 3, yaani makopo ya mtoto aliyekua kidogo, hazihitajiki, na mwaka 1986 Baraza la Afya Duniani, mkutano mkuu wa WHO, lilisema hivyo kuhusu maziwa ya "kufuatia". Miaka mitano kabla, 1981, baraza hilo hilo lilipitisha kwa kura 118 dhidi ya 1 kanuni za kuzuia maziwa haya yasitangazwe kwa umma wala sampuli za bure zisigawiwe kwa akina mama. Kanuni hizo zinakataza hata picha ya mtoto mchanga kwenye kopo. Chukua la kwako uliangalie mbele, halafu ujiulize yule dubu mnene anayetabasamu kawekwa kuchukua nafasi ya nani.

Mama mwenye VVU asijipangie kwa kusoma blogu, hata hii. Zamani kuchanganya ziwa na vingine miezi 6 ya mwanzo kulionekana hatari kubwa kwa mtoto. Tangu 2016 mwongozo wa WHO unasema kwamba kwa mama aliye kwenye dawa, kunyonyesha peke yake bado ndiko kunakopendekezwa, lakini kuchanganya si sababu ya kuacha kunyonyesha. Utekelezaji wake ni wa kuzungumzwa na anayekuhudumia, akiwa na vipimo vyako mezani.

Kitu kimoja ambacho hakisemwi: mlango huu haufungwi kwa nyuma. Nilipokuwa likizo kwa wiki kadhaa nilirudisha zamu za mchana kwa ziwa. Siku tatu za kwanza alilalamika, akanyonya kila saa, kisha maziwa yakapanda. Si kila mwili utakubali, na si mpaka kiasi cha zamani, lakini titi linaloendelea kunyonywa usiku lina kumbukumbu nzuri kuliko tunavyoambiwa.

Sasa anakula vyakula vingine na zamu za kopo zimebaki mbili. Akitimiza mwaka hatahitaji maziwa ya kopo tena. Ataweza kunywa maziwa ya kawaida pamoja na chakula. Kwa hiyo kwa mpango wangu kitakachotoka kwanza ni kopo, ziwa litafuata baadaye sana, na mama mkwe ameshaanza kuuliza hilo la baadaye ni lini.